Shajara ya mradi: Bridgeport ya shamba la mkonge

11 Januari 2025

Imefika Bridgeport yangu, mashine ya milingi, ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka. Saa kumi na moja jioni Kenta imerudi nyuma mpaka mlangoni kwangu hapa Tanga, mashine ikiwa imesimama katikati, imefungwa kamba pande nne.

Nimeinunua kwa kilo. Ilitoka kwenye karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza, shamba lililoacha kazi zamani. Mwenye mzani hakuuliza ni mashine gani. Aliandika uzito, akazidisha, akanitajia jumla. Pembeni yake palikuwa na lethi, mashine ya kukereza chuma, iliyokwisha kukatwa kwa gesi vipande vitatu, na bedi lake bado linang'aa pale kigari chake cha kushika kisu kilipokuwa kikiteleza. Liliniuma sana. Lile bedi lilinyooshwa na watu wanaojua kazi, na sasa linakwenda kuyeyushwa liwe nondo. Ningechelewa siku mbili na hii milingi ingekwenda njia hiyo hiyo: hendeli mbili za meza walikwisha kuzikata.

Kibati cha ubavuni kinasomeka Adcock & Shipley, Leicester. Bridgeport asili yake ni Marekani, mji wa Bridgeport, Connecticut, mwaka 1938, kazi ya Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom. Baadaye zikatengenezwa Uingereza pia, na hii yangu ni ya huko. Ni ile ya kichwa kinachoinama na kugeuka, mkono wa juu unaosogea mbele na nyuma, na goti la mbele linalopanda na kushuka likiwa limebeba meza. Uzito karibu kilo 900.

Kabla ya kuipakia tulikipindua kichwa kikaning'inia chini, tukaurudisha mkono wa juu nyuma kabisa, tukalipandisha goti mpaka likakiegemeza. Bila hivyo mashine hii ni nzito juu na nyepesi chini, kona ya kwanza tu inalala. Kushusha tulitumia chenibloku na vipande vya bomba la inchi mbili, tukaisukuma pole pole kama mtumbwi unavyosukumwa juu ya magogo. Mlango wangu una sentimita 90 na meza peke yake ina urefu wa inchi 42, yaani sentimita 107, kwa hiyo meza imevuliwa nje. Watu wanne, hakuna kidole kilichobanwa. Alhamdulillahi.

18 Januari

Mpwa wangu, aliyemaliza VETA mwaka jana, amekuja asubuhi na brashi ya waya mkononi. Nimemzuia. Rangi na kutu vinaweza kusubiri. Kwanza tumeirudisha meza mahali pake, tukapima mashine ikiwa vile vile ilivyokuja, maana ukishaifungua na kuisafisha hujui tena kosa lilikuwemo tangu mwanzo au umelitia wewe.

Mashine ni ya inchi, kwa hiyo tunapima kwa thau, elfu moja ya inchi. Ukizungusha hendeli ya meza mara moja inatembea thau 200.

Kulegea kwa skrubu ya meza, katikati: thau 60. Maana yake unazungusha karibu theluthi moja ya mzunguko kabla meza haijatingishika. Mwishoni mwa skrubu, kushoto na kulia: pungufu kidogo. Skrubu imelika pale ilipofanyiwa kazi maisha yake yote, katikati.

Spindo, yaani mhimili unaozungusha kisu, dayo geji (saa ya kupimia) ikiwa ndani ya tundu la koleti, kishikio cha kisu: kuyumba nusu thau. Nimepima mara tatu kwa sababu sikuamini. Beringi za spindo ndizo ghali kuliko vyote, na hizi ni nzima.

Tundu lenyewe lina mikwaruzo ya mduara. Koleti za mashine hii ni aina ya R8, zina mfereji mdogo ubavuni na ndani ya spindo kuna pini inayouingia ili koleti isizunguke yenyewe wakati wa kufunga. Pini imekatika. Mtu alifunga koleti ikiwa legevu, kisu kikauma chuma, koleti ikazunguka.

Meza ina mashimo ya drili kumi na saba. Mpwa wangu aliyahesabu kwa sauti, na kila shimo sauti yake ilishuka.

Kabari za meza, yaani vile vyuma vyembamba vya mshazari vinavyobana slaidi, njia ambazo meza inateleza juu yake, zimeingizwa mpaka mwisho na bado meza inacheza.

9 Februari

Wiki tatu za kutu na uchafu. Hatukugusa slaidi kwa msasa hata mara moja. Slaidi zimekwanguliwa kwa mkono kiwandani, na ukizitazama kwa kuinamisha tochi unaona bado alama zile kama magamba ya samaki. Vile vibonde vidogo ndivyo vinavyoshika oili. Ukipitisha msasa unaona uzuri kwa macho, lakini umeua mashine. Tumetumia mafuta ya taa, matambara, na kipande cha shaba kilichonolewa kwa uchafu mgumu.

Hendeli, bolti, gia ndogo na vifuniko vimeoga kwenye pipa la plastiki lenye maji na magadi. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kifaa chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha nondo kuukuu. Nondo iwe ya chuma cha kawaida, isiwe chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kile kina kromiamu na maji yake yanakuwa sumu. Pipa liwe nje, lipate hewa, kwa kuwa inatoka haidrojeni. Saa kumi na mbili baadaye kutu imekuwa matope meusi yanayofutika kwa kidole. Kwenye hendeli ya goti zikajitokeza tarakimu ambazo hatukujua zipo.

16 Februari

Leo nimekasirika. Mashine hii ina pampu ndogo ya oili ubavuni. Ukivuta hendeli yake mara moja, oili inasambaa kwa vijibomba vyembamba kwenda kwenye slaidi zote na kwenye nati za skrubu. Nimefungua kijibomba cha kwanza, kimejaa grisi. Cha pili, grisi. Vyote. Grisi imekauka ikawa kama sabuni ya kipande. Mtu alichukua bunduki ya grisi akaisukuma humo, na tangu siku hiyo slaidi na nati zimekuwa zikisagana kavu. Thau 60 za skrubu zimetoka hapa. Nani anafanya kitu kama hiki kwenye mashine kama hii?

Vijibomba vimezibuka kwa waya wa breki ya baiskeli na mafuta ya taa. Vile vifundo vya kugawa oili, vilivyo mwisho wa kila kijibomba, haviponi. Vina tundu dogo kuliko sindano. Nimeagiza vipya kutoka Uingereza.

9 Machi

Ramadhani. Mchana kazi nyepesi, na kazi ya mota naifanya usiku baada ya tarawehe, nyumba ikiwa imetulia. Ni kazi inayofaa usiku.

Mota ni ya fezi tatu, volti 415. Nyumbani kwangu kuna fezi moja, volti 230. Inveta inaweza kupokea fezi moja ikatoa tatu, ila volti haziongezeki: zikiingia 230, zinatoka 230. Mota imefungwa nyota, yaani ncha moja ya kila koili imeunganishwa na wenzake mahali pamoja, na kwenye nyota kila koili inapata 415 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha tatu, yaani karibu 240. Kwa hiyo koili zenyewe ni za volti 240, na kinachotakiwa ni kuzifunga delta, ncha kwa ncha kama pembetatu, ili kila koili ipate 230 moja kwa moja. Kwenye mota za siku hizi unahamisha vibati vitatu kwenye kisanduku, umemaliza. Hii yangu inatoa waya tatu tu nje. Ncha nyingine tatu zimeunganishwa huko ndani ya koili, zikafungwa uzi, zikamwagiwa vanishi.

Kwa hiyo unaichimba ile nyota. Fundi mmoja wa kurewaindi mota pale Ngamiani, kijana mpole sana, alinipa neno moja: "Mzee wangu, usivute waya. Inua uzi." Nimepasha vanishi joto kidogo kidogo, nikaingiza sindano ya kushonea magunia ya mkonge chini ya uzi, nikauinua kitanzi kimoja kimoja. Usiku wa kwanza sikuona kitu. Usiku wa pili, chini ya tabaka la tatu la uzi, ikaonekana soksi nyeusi fupi ya kufunikia waya, nene kuliko nyingine. Nimeipasua kwa wembe: waya tatu, zimesokotwa pamoja na kuchomelewa risasi. Ndiyo nyota yenyewe. Nilikaa nikaitazama kabla ya kuikata.

Nimeunga waya mpya, nikavika soksi, nikafunga uzi, nikapaka vanishi. Vipimo vya koili: omu 11.2, 11.3, 11.2. Insulesheni kwa volti 500 ni nzuri.

15 Machi

Mota imenguruma kama gari lililonasa kwenye tope, shafti ikatetemeka bila kuzunguka, inveta ikajizima na kuandika kwamba ampea zimezidi. Nimejaribu mara mbili na kuacha. Ya tatu ningeichoma.

Kosa ni langu. Zile waya mpya sita nilizivika soksi za rangi moja, nikaziandika kwa vipande vya utepe, na joto la vanishi likabandua vipande viwili. Nikavirudisha kwa kukisia. Koili moja imeingia kichwa chini miguu juu, inapigana na wenzake wawili. Nimegeuza ncha za koili ile, nikawasha tena. Imezunguka kimya. Nimeiacha saa nzima bila mzigo na mkono wangu juu yake: vuguvugu tu.

Swichi ya zamani ya kwenda mbele na kurudi nyuma nimeibakiza kwenye kichwa cha mashine, pale pale mkono unapoizoea, lakini sasa haipitishi umeme wa mota. Kati ya inveta na mota hapawekwi swichi. Ukikata hapo mota ikiwa inazunguka unaweza kuiua inveta. Swichi inapeleka ishara ndogo tu ya kuiambia inveta izungushe upande gani. Na ukitia gia ya mwendo wa pole, spindo ya Bridgeport inageuka upande wa pili, kwa hiyo nimeandika kwa rangi nyekundu juu ya swichi.

13 Aprili

Masika. Nilifunga karakana Ijumaa meza ikiwa imefutwa safi, Jumamosi asubuhi ina wekundu kama vumbi la matofali. Hewa ya huku ina chumvi, na usiku wa mvua chuma kinatoa jasho. Sasa kila jioni meza inapakwa oili, inafunikwa turubai, na chini ya turubai nimetundika balbu moja ya zamani ya wati 40 inayowaka usiku kucha. Joto lile dogo limetosha.

Vifundo vya oili vimefika.

Mashimo ya meza tunayaziba. Meza ni chuma cha kumimina, na kizibo lazima kiwe chuma cha kumimina pia, vinginevyo kitajitokeza kwa rangi na ugumu tofauti. Tumekata ngoma ya breki ya lori, rafiki yangu mwenye lethi akakereza vizibo kumi na saba vyenye meno, tukavikaza kwa gundi ya epoksi, tukakata vichwa kwa msumeno, tukakwangua mpaka vikalingana na meza. Kupitisha ukucha juu yake husikii mpaka.

27 Aprili

Leo amekuja mzee ambaye sikumtarajia. Mpwa wangu alisimulia habari za mashine kwenye daladala, na aliyekaa kiti cha mbele akauliza ni shamba gani. Alikuwa fita pale kwa miaka mingi.

Nimemwamkia, nikampa kiti. Hakukaa. Alizunguka mashine nzima kimya, kisha akashika hendeli ya goti akaizungusha robo, akaisikiliza.

"Mashimo ya meza yalikuwa mangapi?" akauliza.

"Kumi na saba, mzee."

"Mawili ni yangu."

Akanieleza. Jiliwa la mashine lilipasuka na halikuja jingine. Wakawa wanafunga kazi kwa bolti na vipande vya mbao juu ya meza, na zamu ya usiku taa ikiwa moja, drili inapenya kazi na kuingia mezani kabla hujajua. Nikamuuliza kuhusu grisi. Nilijitahidi niulize kwa upole.

"Miaka ile ya themanini," akasema, "hata sabuni ilikuwa ya foleni. Oili ya mashine ikaisha stoo, ikaagizwa, haikuja. Iliyokuwepo ni grisi ya beringi za korona, zile mashine za kuchakata mkonge. Korona zikisimama, shamba limesimama, na shafti za korona zinatoka hapa. Ungefanyaje, mwanangu? Ungeiendesha kavu?"

Sikuwa na jibu. Baada ya yeye kuondoka nimerudi kwenye ukurasa wa 16 Februari, na chini ya swali langu nimeandika: walikuwa wanaiokoa. Grisi iliziba vijibomba, ni kweli, lakini kwa miezi au miaka ile ya mwanzo ndiyo iliyokuwa kati ya chuma na chuma.

Amenifundisha mambo mawili. La kwanza, skrubu ya zamani usiihangaikie, iendee kila mara kutoka upande mmoja: ukivuka alama, rudi nyuma mzunguko mzima, uje tena. La pili, mfereji wa milimita 14 usiukate kwa kisu cha 14, kwa kuwa kisu hupepesuka na mfereji unatoka mpana. Kata kwa 12 katikati mpaka kina chote, kisha ongeza upande huu na upande ule.

24 Mei

Kabari. Zimelika kiasi kwamba skrubu ya kuzibana haina tena pa kwenda. Nimebandika ukanda wa shaba wa nusu milimita mgongoni mwa kila kabari, upande usioteleza, kisha upande unaoteleza nikaupaka rangi ya buluu, nikaingiza, nikatoa, nikakwangua pale buluu ilipoguswa. Kabari moja ilichukua jioni nne. Mwanzoni inagusa sehemu tatu tu. Mwishoni madoa yameenea kote, kumi na tano hivi kwa kila inchi ya mraba. Mkono unauma kuanzia kiwiko, lakini meza sasa inasukumika kwa kiganja kimoja na haichezi.

Nati ya skrubu ya meza ni ya shaba, vipande viwili vinavyoweza kusogezwa kimoja dhidi ya kingine. Kutoka thau 60 nimefika 14 katikati. Ningeweza kukaza zaidi, ila nikikaza, meza inagoma ikifika mwisho ambako skrubu haijalika. Hizo 14 zinabaki.

Pini mpya ya R8 imeingia. Mkanda wa V umetoka Ngamiani, tuliupima kwa kamba.

Mwisho, kichwa. Dayo geji kwenye mkono mrefu, inazungushwa juu ya meza duara la inchi nane: kushoto na kulia tofauti thau 12 mwanzoni. Unalegeza bolti kidogo, unagusa, unakaza, unapima, na kila ukikaza kinahama tena. Saa mbili. Nusu thau kushoto na kulia, thau moja mbele na nyuma. Inatosha.

14 Juni

Kazi ya kwanza. Jirani yetu wa Muheza ana korona ndogo ya kuchakata mkonge, na shafti yake ilikatika pale pale kwenye mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoizuia puli isizunguke yenyewe juu ya shafti. Ameleta shafti mpya, kipenyo milimita 50. Kii ya shafti hiyo ni 14 kwa 9, na mfereji kwenye shafti unakwenda chini milimita 5.5.

Shafti ni ndefu kuliko meza, kwa hiyo ncha inayobaki nje tumeiegemeza kwenye stendi. Kisu cha 12, mizunguko karibu 600 kwa dakika. Goti linapanda thau 100 kwa mzunguko, na milimita 5.5 ni thau 216 na nusu: mizunguko miwili kamili, mistari kumi na sita, na nusu mstari kwa jicho. Hatukwenda mara moja. Thau 40 kila safari. Wakati wa kupanua tulipeleka kazi ipambane na kisu, kamwe isiende nacho, kwa sababu zile thau 14 za kulegea zingemruhusu kisu aivute meza na kujivunja.

Mpwa wangu alishika hendeli. Nilimwachia. Safari ya kwanza chipsi za chuma zilitoka ndogo, zimejikunja, rangi ya fedha, zote ukubwa mmoja. "Mjomba, sikia," akasema. Hakuna kupiga kelele wala kutetemeka. Mlio mmoja, kama cherehani.

Mfereji: milimita 14.02 kwa upana. Kii imeingia kwa kugongwa na nyundo ya shaba mara tatu, ikakaa.

22 Juni

Korona imewashwa Alhamisi. Nilipigiwa simu, nikausikia mlio wake nyuma ya sauti ya mwenyewe.

Zimebaki nati ya mhimili wa mbele na nyuma, ambayo sijaigusa kabisa, na zile hendeli mbili zilizokatwa. Kwa sasa tunatumia moja ya lethi. Yule mzee amesema atarudi wiki ijayo na jiliwa lililopasuka. Lilikuwa kwake muda wote, chini ya kitanda. Nafikiri linaungika kwa kuchomelea kwa vijiti vya nikeli, likipashwa joto kwanza na kupozwa kwenye majivu.

Jioni kabla ya kufunga nimevuta hendeli ya oili mara moja, nikasubiri na tochi mpaka tone likajitokeza kwenye slaidi ya mbali kabisa, kushoto. Kisha turubai, kisha balbu.